Begi la kuwindia nyati: la lita 45 la mabaka liache, tafuta dogo lisilo na kelele

Swali limetoka kwa binti aliyemaliza chuo cha wanyamapori Mweka, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Nimepata nafasi ya kujifunza kazi kwa PH mmoja (mwindaji wa kulipwa anayeongoza wageni) kwenye kitalu cha uwindaji cha Rungwa, naanza Julai mpaka msimu uishe, wageni wengi ni wa nyati. Nimeambiwa nije na begi langu la kutwa. Nina laki na nusu. Rafiki yangu ananiuzia begi la lita 45, la mabaka ya kijeshi, lina fremu ya chuma ndani na mkanda mnene wa kiunoni, nimeona Wamarekani kwenye video wanawinda na mabegi kama hayo. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2, kilo 54. Nichukue? Kama sio hilo, niangalie nini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, nafasi kama hiyo wanaipata wachache na kwa mabinti ndo kabisa. Begi hilo usilichukue, na usimpe rafiki yako hata advansi.

Naanza na mabaka maana hilo halina mjadala. Hapa kwetu Tanzania mabaka ni ya jeshi, basi. Raia kutembea na kitu kinachofanana na sare za JWTZ ni kosa, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku 7 watu wasalimishe walivyonavyo. Wageni wenyewe huwa wanaandikiwa mapema kabisa kabla hawajapanda ndege kwamba nguo za mabaka waziache kwao. Sasa wewe uko kwenye basi unatoka Itigi unaelekea Rungwa na begi la mabaka mapajani, mtu akikuuliza utamwambia nini? Na porini kwenyewe hayo mabaka hayakusaidii kitu, nyati anakukamata kwa pua kwanza, alafu masikio, macho yanakuja mwisho. Rangi ya nyasi kavu na kutulia vinatosha.

Sasa hizo video. Wale Wamarekani uliowaona wengi wanawinda elk, yule mnyama mkubwa mwenye mapembe ya matawi, kwenye milima ya Colorado na Montana huko. Kule mwindaji yuko peke yake au na mshikaji wake mmoja, gari limebaki bondeni mbali, akiangusha mnyama anamkata vipande pale pale na kubeba paja moja moja mgongoni mpaka kwenye gari, anarudi tena na tena mpaka nyama iishe. Alaska ndo usiseme, sheria inamlazimisha mwindaji aitoe porini nyama yote inayofaa kuliwa. Ndo maana begi lake lina fremu na mkanda mnene kiunoni, limetengenezwa kushusha kilo 30 au 40 za nyama mlimani. Dume la nyati kwetu linaenda kilo 600, 700 na zaidi, hakuna mtu wa kulibeba, likianguka gari linaitwa kwa redio, vijana wanakata njia na mapanga mpaka Land Cruiser inalifikia lilipolala. Wewe kwenye begi lako haliingii hata ini.

Kwahiyo lazima ujiulize kingine kabisa: nikiwa kilomita 12 kutoka kwenye gari, saa nane mchana, mwezi wa kumi, mgongoni nina nini, na begi langu limekaa kimya njia nzima mpaka hapo? Begi la nyati ni la maji na ukimya, mengine yote yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Nikueleze siku yenyewe inavyokwenda ili uone kwa nini. Mnatoka kambini saa kumi na moja alfajiri, mnazunguka na gari mkiangalia nyayo zilizovuka barabara usiku au zilizotoka kwenye maji. Traka, yule msoma nyayo, anagonga kwenye paa la gari, mnashuka, anaangalia kinyesi, anakichoma kidole kusikia kama bado kina joto ndani, akiridhika mnaweka risasi kwenye bunduki na mnaanza kutembea. Hapo ni saa moja asubuhi. Hujui utarudi kwenye gari saa ngapi, inaweza ikawa saa nne, inaweza ikawa saa moja usiku. Nyati wakipata harufu yenu wanakimbia, mnakaa chini nusu saa watulie, mnaanza upya, mara ya tatu mara ya nne, na kila mkiwafikia mnakuwa mita 60, 40, wakati mwingine chini ya hapo, kwenye vichaka, wamelala wanacheua na masikio yanazunguka. Ni hapo ndo begi linaamua kama siku ilikuwa na maana.

Ukubwa. Julai Rungwa asubuhi ni baridi kweli, unapanda nyuma ya gari la wazi upepo unakata masikio, unavaa sweta na koti juu, ikifika saa tatu jua limepanda unavua vyote na lazima viingie begini. Oktoba sweta hakuna ila maji yanakuwa mengi zaidi. Hesabu zote mbili zinaangukia pale pale, lita 22 mpaka 28. Ukinunua la 45 utalijaza tu, binadamu ndivyo tulivyo, tukiona nafasi tunaongeza kitu, na ukijitahidi usilijaze basi vitu vinacheza ndani, maji yanashuka chini na begi linakuvuta mabega nyuma siku nzima. Piga hesabu na mimi: maji lita 3 ni kilo 3. Begi tupu lisizidi kilo 1. Huduma ya kwanza nusu kilo, chakula nusu kilo, sweta na tochi na kamba na vikorokoro vingine kilo 1 na nusu. Hiyo ni 6 na nusu. Bunduki ya .375, ambayo ndo ya chini kabisa kwa nyati, ikiwa na darubini yake juu inacheza kwenye kilo 4 na nusu. Jumla 11 kwa mtu wa kilo 54, yaani umeshabeba moja ya tano ya mwili wako, unatembea nayo masaa 8 alafu mwisho unatakiwa uwe na pumzi ya kushika bunduki bila kutetemeka. Ndo maana nakwambia kila gramu ya fremu ya chuma ni wizi.

Mikanda ya mabega, hapa nitakaa kidogo maana watu wengi hawaliwazi kabisa na mimi lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili nikiwa bado najifunza kama wewe, tulikuwa pori la Kizigo, nilikuwa na begi zuri la kupandia mlima, mikanda yake minene ya sponji, upana kama kiganja, nilikuwa nalipenda sana. Mgeni alipiga dume likajeruhiwa, likageuka, PH akaniambia piga. Nikaleta bunduki begani na kitako kikakaa juu ya ukingo wa mkanda wa begi badala ya kuingia kwenye kile kishimo cha bega. Nilijua kabla sijavuta kwamba haijakaa, na nikavuta hivyo hivyo. Kitako kikateleza kikanipiga kwenye msuli wa juu wa mkono, mkono ukafa ganzi mpaka vidoleni, darubini ikarudi ikanichana juu ya nyusi, risasi ikapita juu ya mgongo wa nyati ikakata tawi. Yule nyati tulimfuata mpaka giza likatuzuia, tukalala, tukaanza tena asubuhi, tukampata saa tano. Mnyama aliteseka usiku mzima na ile risasi yangu ingeweza kummalizia pale pale. Kovu la nyusi limeshafifia ila huo usiku bado unaniuma mpaka leo.

Kwahiyo tafuta mikanda myembamba, upana wa vidole vitatu, vinne mwisho, sponji yake iwe ya kawaida sio ya kuvimba, na ipite karibu na shingo ikiacha bega la nje wazi. Kishimo ninachosema utakipata ukinyanyua mkono wa kulia mbele usawa wa bega, pale chini ya mfupa wa mtulinga panaingia ndani, ndo makao ya kitako, kitu kingine chochote kisikae pale, na kama unatumia kushoto basi geuza. Njia ya kujaribu dukani ni hii, na usione aibu: vaa begi likiwa na uzito ndani, omba fagio, shika mpini kama bunduki, fumba macho, ulete begani mara 10 haraka haraka. Ukigusa mkanda hata mara moja kati ya hizo 10, rudisha begi. Mwenye duka atakushangaa, mwache ashangae.

Kitu kingine kwenye bega hilo hilo ni mkanda wa bunduki. Nailoni laini inateleza, kila hatua tano unaurudisha, ikifika mchana umeshachoka kwa kitu cha kijinga. Fundi viatu akushonee kipande cha ngozi ile ya ndani yenye manyoya manyoya juu ya mkanda wa begi upande unaotundikia bunduki, kipande cha urefu wa kidole kinatosha, kikae juu kabisa ya bega kisishuke kwenye kishimo.

Mkanda wa kiunoni mimi nasema hapana. Begi la kilo 6 halihitaji, na kiunoni kwako patakuwa na mkanda wa ngozi wenye risasi 10 zimepangwa na kisu upande wa pili, sasa mkanda wa begi ukivimba juu yake utatafuta risasi kwa kupapasa na wakati wa kupapasa haupo. Kwa urefu wako pia angalia mgongo wa begi. Inamisha kichwa, shika lile fupa linalojitokeza nyuma ya shingo, mtu akupimie kwa futi kamba kutoka hapo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Begi lisizidi urefu huo. Mabegi mengi yameshonwa kwa mwanaume mrefu, ukivaa wewe linakaa juu ya makalio na linakupiga kila hatua, na ukichuchumaa kupita chini ya matawi linakusukuma kichwa mbele, na kuchuchumaa ndo nusu ya kazi yenyewe. Mkanda mwembamba wa kifuani uwe nao, uwe unapanda na kushuka ili uuweke panapokufaa, unasaidia mikanda ya mabega isitanuke kwenye kishimo. Ila lazima ufunguke kwa mkono mmoja wa kushoto bila kuangalia. Mkiingia kwenye kichaka kizito nyuma ya nyati aliyejeruhiwa, fungua kabisa kabla hujaingia, ili begi liweze kudondoka lenyewe ukitupa mabega nyuma.

Tuje kwenye kelele. Kitambaa unakipima kwa kucha, pitisha kucha ya kidole gumba juu yake ukiwa umekiweka karibu na sikio. Kikilia zwiii, basi mwiba wa kikwata utakilizisha hivyo hivyo na porini kumetulia utasikika mbali. Nailoni ngumu inayong'aa ndo mbaya kuliko zote. Turubai la pamba linakaa kimya vizuri, shida yake likilowa linakuwa zito, lakini Julai mpaka Oktoba kule mvua hakuna, mpaka mvua za Novemba zianze umeshakula miezi minne ya msimu. Kitambaa chenye vinyweleo kama cha sweta za baridi ni kimya kuliko vyote ila kinakusanya mbegu na miiba, jioni unakaa unachambua. Kama bajeti ni moja mimi nachukua turubai. Mifuko ya neti ya pembeni ikate mapema, kikwata ina miiba iliyopinda kama ndoano, ikishika neti inakurudisha nyuma na tawi zima linafuata.

Alafu velkro, ile ya kunata unayoibandua inalia kraaa. Isiwepo hata moja, hata kwenye kimfuko kidogo cha ndani. Niliwahi kukaa na mgeni nyuma ya kichuguu tukisubiri kundi lililolala linyanyuke, dume tunalolitaka lilikuwa limezibwa na majike mawili, tumekaa dakika 40 jua la saa saba kichwani, mgeni akasikia njaa akabandua mfuko wake achukue karanga. Sauti ile haipo porini, hakuna ndege wala mti unaotoa ule mlio. Kundi zima lilisimama kwa mara moja na tukabaki na vumbi. Hakukasirikiwa na mtu, hakujua, lakini wewe sasa unajua.

Zipu ziwe zile za meno makubwa ya plastiki, zikishika vumbi zinasafishika, na kila wikiendi zipake mshumaa ziteleze. Vile vichuma vya kuvutia zipu vitoe vyote ufunge kamba nyembamba, vinagongana kama kengele ya mbuzi. Klipu za plastiki hazina neno ila ujizoeze kuzifungua ukiwa umezifunika na kiganja. Na vitu vya chuma ndani ya begi visikutane, kisu cha kukunja kiingie kwenye soksi, betri kwenye soksi, kiberiti cha gesi kwenye soksi, soksi kuukuu ni mali usizitupe.

Maji yenyewe nayo yana kelele, na hapa naona wengi wanajisahau. Chupa za maji za dukani, zile laini, ukizibana kidogo tu zinalia krap krap, na chupa iliyofika nusu inasukasuka kila hatua. Ule mfuko wa maji wenye mrija unaokuja mdomoni ni kimya, maana ukiufyonza hewa yote haubakizi nafasi ya maji kusukasuka, na unakunywa bila kuvua begi, kwahiyo unakunywa kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Ubaya wake huoni kilichobaki mpaka siku ufyonze hewa, na mwiba ukiupata umepoteza yote kwa mara moja. Mimi nafanya hivi: lita 2 kwenye mfuko wa mrija, lita 1 kwenye chupa ngumu iliyovalishwa soksi, na hiyo chupa siigusi mpaka mfuko uishe. Mfuko ukiisha najua nimefika kwenye akiba na namwambia PH. Ukianza chupa, mkisimama kupumzika imalize yote, usitembee na nusu. Oktoba na Novemba ongeza lita nyingine moja, na beba paketi 3 za ORS, kila moja ni ya lita nzima ya maji, usiichanganye kwenye glasi ukadhani inakuwa na nguvu zaidi, inakuumiza. Mrija uvalishe kitambaa, na kile kinywa chake kifunike, vumbi la majivu ya nyasi zilizochomwa linaingia kila mahali.

Rangi nimeshasema nyasi kavu, kaki, udongo, kijani kibichi kilichofifia. Nyeusi na bluu usiguse, na hii haina uhusiano na nyati, ni mbung'o. Bila shaka umeviona vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyotundikwa porini vikiwa na dawa, vinatundikwa rangi hizo kwa sababu mbung'o anazifuata. Ukibeba begi jeusi mgongoni umejitundikia mtego bila dawa, watakaa juu yake kumi ishirini, wakitoka hapo wako shingoni kwako na kwa anayekufuata nyuma. Ukiacha maumivu kuna malale, na aina ya malale ya huku Tanzania inakimbia haraka, sio kitu cha kuchezea. Homa yoyote baada ya kung'atwa nenda kapime na umwambie daktari umetoka pori lenye mbung'o, usimwache ahangaike na malaria peke yake.

Pa kununua. Wewe umesoma Mweka kwahiyo soko la Memorial pale Moshi unalijua, mimi kwa begi la kutwa sioni mahali pazuri zaidi, mitumba ya mabegi ya wapanda mlima ipo mingi na mengine yametumika safari moja tu. Aliyeko Dar aende Karume asubuhi mapema. Laki na nusu yako ni hela nyingi kwa mtumba, usiimalize, tenga sehemu ya fundi. Kagua pale mikanda ilipoungana na begi juu, vuta kwa nguvu zako zote ukiwa umelikanyaga begi, mshono ukifunguka hata uzi mmoja acha. Geuza ndani uangalie kama ile plastiki iliyopakwa imeanza kumenyuka kama ngozi ya nyoka, hiyo itachafua kila kitu na haizuii maji tena. Sponji ya mgongoni ibonyeze, ikibaki imelala imekufa.

Na kama hupati la turubai, nenda kwa wale mafundi wanaoshona maturubai ya malori. Chukua begi la nailoni linalokukaa vizuri mgongoni, mwambie alifunike kwa nje na turubai jepesi la kaki, atoe velkro aweke vifungo vya mbao au kamba, atoe neti, akate mkanda wa kiunoni. Mimi begi langu la sasa lilipita kwa fundi hivyo hivyo, lina miaka tisa, nimebadilisha zipu mara mbili.

Upangaji: maji yakae yamegusa mgongo, sweta chini kabisa, chakula katikati. Chakula kisiwe kwenye karatasi za kukwaruza, zamani tulikuwa tunafunga kwenye rambo zikapigwa marufuku Juni 2019 na kwa kazi hii sikuzilalamikia, zilikuwa na kelele kuliko chupa. Kitambaa cha pamba kinatosha kwa mihogo ya kuchemsha au chapati, karanga kwenye kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha. Mfuko wa juu kabisa ni wa huduma ya kwanza peke yake, hauchanganywi na kitu, na asubuhi ya kwanza kambini muonyeshe traka na bwana nyama mko wote, mguse pamoja, mjue ulipo hata gizani, kwa sababu inawezekana wewe ndo utakuwa umelala chini na mwingine ndo anautafuta. Ndani weka ule mkanda maalum wa kukaza kusimamisha damu na ujifunze kuufunga kwa mkono mmoja, bandeji pana za kukandamiza 2, glavu, dawa ya mzio, ya maumivu, kipimo cha malaria, plasta za malengelenge. Ule mkanda wa damu ni kwa jeraha la pembe, la risasi au la panga, usije ukaufunga kwa aliyegongwa na kifutu, utamkatisha mguu. Aliyegongwa na nyoka anatulizwa, kiungo kinafungwa kijiti kisitikisike, na gari linaitwa muda huo huo.

Kuna vitu watu wanaviweka begini na havitakiwi kuwa humo. Nimesema begi liweze kudondoka, maana yake chochote usichoweza kuishi bila hicho kikae mwilini: risasi kiunoni, kisu kiunoni, redio, kiberiti mfukoni, filimbi shingoni, darubini ya mkono kifuani na kamba yake fupi isigonge bunduki. Na kile kisoksi cha majivu cha kupimia upepo kikae mkononi kabisa, utakitikisa kila dakika chache siku nzima. Tochi ya kichwani ndo inakaa begini, ila kila siku, hata kama mmesema mnarudi saa sita, mimi mara zote nilizoihitaji ilikuwa siku tuliyosema tunarudi mapema.

Ukishalipata, kabla ya Julai lijaze kama nilivyosema, usiku nyumba ikiwa kimya funga mlango, zima simu, ruka mara 10 pale pale ulipo usikilize. Kinachogonga kitafute kikae. Alafu chuchumaa, tembea umechuchumaa urefu wa chumba, lala kifudifudi, nyanyuka. Baada ya hapo panda nalo kutoka barabarani mpaka juu getini Mweka, lile geti la Kilimanjaro, na ushuke, mara mbili kwa wiki, likiwa na lita 3 kweli na sio nguo. Pale linapokukwaruza ndo pa kumpelekea fundi, na ni afadhali upajue ukiwa Moshi maana Rungwa fundi hakuna.

Na huyo rafiki yako mwambie asilitafutie mnunuzi mwingine hilo begi, alipeleke kituo cha polisi au kwa mtendaji wake aliache hapo.